Madumu Chumbani mwa Eda

Kama umefiwa na mume, uko ndani unakaa eda, na kifua kinakubana hadi huwezi kumaliza maneno yako, toka uende hospitali. Usisubiri siku ziishe. Naanza na hilo kwa sababu mimi nilisubiri. Mwalimu wa madrasa aliniambia baadaye kwamba mgonjwa hajakatazwa kwenda kutibiwa, eda au si eda. Lakini wakati ule sikumuuliza yeye. Nilimsikiliza shemeji yangu.

Nimesoma hadi darasa la saba. Mambo ya mapafu yanavyofanya kazi siyajui, na nikijaribu kuyaeleza nitawapotosha. Nitasema tu jinsi nilivyoishi nayo.

Tulikuwa tunakaa Gongoni, hapa Tabora mjini, nyumba ya barabarani yenye uani mkubwa na geti la bati. Mume wangu, Rajabu, alikuwa anauza dizeli pale uani. Si kituo cha mafuta. Yalikuwa mapipa manne chini ya paa la makuti, mpira wa kunyonyea, na faneli. Wateja wake walikuwa madereva wa malori, hasa yanayokwenda Sikonge na Ipole kuchukua tumbaku. Walipenda kwake kwa sababu bei ilikuwa chini kuliko kituoni.

Sababu ya bei kuwa chini naijua, kwa kuwa mikono yangu ilikuwemo. Zamani watu walikuwa wanachanganya dizeli na mafuta ya taa. Serikali ikapandisha bei ya mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida, na kweli ukapungua. Rajabu akahamia kwenye oili chafu, ile inayomwagwa gereji injini inapofanyiwa sevisi. Aliileta kwa madumu, akaiacha itulie, kisha mimi naichuja kwa kanga kuukuu, mara mbili, hadi uchafu ubaki juu ya nguo kama ugoro. Tukaichanganya na dizeli na petroli kidogo ili iwe nyepesi. Gari linatembea. Linatoa moshi mzito wa rangi ya buluu, lakini linatembea. Nilichuja miaka mingi. Nilipokuwa nasikia redioni kwamba mafuta machafu yanaharibu hewa, nilikuwa napunguza sauti. Sheria ya mafuta niliijua kama anavyoijua mke wa mtu anayeikwepa.

Rajabu alifariki mvua za mwisho za masika. Alikohoa mwaka mzima kabla. Sitasema mafuta ndiyo yaliyomuua, daktari hakusema hivyo, na mimi sijui. Najua tu kwamba alikuwa ananyonya mpira kwa mdomo kila siku, anatema, anasukutua kwa maji, anaendelea. Alikuwa mtu mpole. Alinipenda bila kelele. Bado nikipika wali naweka sehemu yake, halafu nakumbuka.

Baada ya hitima ya siku ya tatu, mdogo wake Hamisi akafungua geti.

"Shemeji, biashara ikilala wateja wanahama," aliniambia akiwa amesimama nje ya pazia. "Na wewe utakula nini?"

Nilikuwa nimeingia chumba cha ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi. Chumba hicho kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama uani, hatua chache kutoka kwenye mapipa.

Sasa kuna jambo ambalo asiyekaa na malori halijui. Magari yale mengi ni ya zamani na betri zake ni mbovu. Dereva akija kujaza hazimi injini, maana akizima huenda asiwashe tena hadi apate watu wa kumsukuma. Kwa hiyo lori linaingia uani, linageuza mgongo kuelekea mapipa, bomba la moshi linakuwa usawa wa dirisha langu, na linanguruma hapo hadi tangi lijae, soga ziishe, na sigara ya pili izimwe. Miaka yote mimi nilikuwa naondoka pale. Naenda sokoni, kwa jirani, kuteka maji. Sikuwahi kukaa ndani ya kile chumba kutwa nzima. Sasa nikawa sina pa kwenda.

Kikohozi kilianza kama kitu cha kawaida. Wanawake waliokuja kunipa pole walisema ni majonzi, machozi yameshukia kifuani. Nami niliamini, kwa kuwa nilikuwa nalia kweli. Walipokuja kusoma Yasini walikuta chumba kinanuka mafuta, wakaona aibu kwa niaba yangu. Wakafunga dirisha na kufukiza ubani. Udi hawakuufukiza, kwa sababu udi ni manukato na mimi nilikuwa kwenye eda. Walijaza chetezo ubani hadi ukuta wa pili hauonekani. Niliwashukuru. Walipoondoka nikawa naendelea mwenyewe, asubuhi na alasiri, dirisha limefungwa, moshi juu ya moshi. Nilidhani nasafisha hewa.

Ikaingia kipupwe. Asubuhi za baridi madereva wanachelewa kuondoka, wanasubiri injini zipate moto. Ilikuwa pia msimu wa masoko ya tumbaku, malori yanakuja mfululizo. Hapo ndipo mwili ulipoanza kubadilika. Kwanza nilishindwa kumaliza aya moja kwa pumzi moja. Kisha nikashindwa kusujudu. Nikiinama paji la uso likigusa mkeka, naona kama mtu amenikalia mgongoni. Nikawa naswali nimekaa kitako, mimi ambaye sikuwa na miaka hamsini. Nikalala nimeegemea ukuta na mito miwili. Mabega yalipanda juu na kubaki huko. Mifupa ya shingo ikatokeza. Kifua kikawa kinapiga mluzi, hata nikiwa kimya nausikia.

Nilimwita Hamisi.

"Shemeji, waambie wazime magari."

"Nikiwaambia wazime, utatoka wewe na eda yako kuwasukuma?"

Dereva mmoja aliyekuwa karibu akadakia, "Mama, langu likizimwa hapa, nakuwa mpangaji wako!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukatika. Hamisi akarudi kwenye mapipa yake. Jioni alileta dawa ya maji ya duka la dawa, na ndimu. Nataka niseme hilo, kwa sababu Hamisi si mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na mapipa manne.

Dada yangu Mwajuma, anayekaa Isevya, alikuwa anakuja kila Ijumaa. Ana mdomo mkali tangu utoto. Ijumaa moja alinikuta nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, nahema kama niliyetoka mbio. Hakunisalimu. Alirudi uani.

"Hamisi! Huyu anapelekwa hospitali leo."

"Dada, eda ni eda. Bado siku hamsini na kitu. Watu watasema tumemdharau ndugu yetu akiwa kaburini."

"Watu ndio wanaompumulia?"

"Muulize mwenyewe kama anataka kutoka."

Dada akaja mlangoni, akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa, nikakataa. Hii ni sehemu inayoniuma kuiandika. Hakuna aliyenifungia mlango. Niliogopa kwamba nikitoka nitakuwa nimemdharau Rajabu, na niliogopa kwamba hospitali watasema kifua kikuu na mtaa mzima utajua. Nikabaki. Dada aliondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata habari zikazagaa mjini kwamba wakaguzi wa mafuta wameingia Tabora. Mafuta ya halali huwekewa alama isiyoonekana kwa macho, watu wanaiita vinasaba, na wakaguzi wana kifaa cha kuitambua. Walikuwa wanapita vituoni, na kwa watu kama sisi. Madereva wakaacha kuja. Siku mbili uani kukawa kimya, nami nikapata usingizi kidogo. Nilifungua hata dirisha.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, Hamisi alisogeza pazia bila kubisha hodi. Alikuwa amebeba dumu la njano kila mkono.

"Unafanya nini?"

"Dizeli safi nimebakiza pipa moja, hiyo wakipima wapime. Haya yanakaa humu."

"Humu?"

"Shemeji, fikiria. Mwanamume gani wa serikali ataingia chumbani kwa mwenye eda? Hata polisi haingii. Ni siku mbili tatu tu."

"Yananuka, Hamisi. Nitakufa."

"Nitafunika vizuri. Na wakiuliza kwa mbali, sema ni asali ya Ipole, tumeagiza kwa ajili ya hitima."

Aliingiza madumu tisa. Aliyapanga kati ya kitanda changu na ukuta, akayafunika kwa mkeka, juu ya mkeka akatandika msala wangu wa kuswalia. Akafunga dirisha ili harufu isitoke nje. Akawasha ubani mwenyewe, kona ya mbali na madumu, akaondoka.

Nilikaa na madumu yale siku tatu. Petroli iliyokuwemo ilikuwa inapenya hata vifuniko vikiwa vimekazwa. Kichwa kilikuwa kizito, ulimi una ladha ya chuma. Nikahama kitandani nikakaa sakafuni karibu na mlango, nimeweka pua penye upenyo chini ya mlango, nimejifunika kaniki. Sikuwa nafikiria dini wala aibu tena. Nilikuwa nafikiria pumzi inayofuata. Ukifika hapo dunia inakuwa ndogo sana. Inakuwa upana wa upenyo wa mlango.

Wakaguzi walikuja siku ya nne, asubuhi. Nilisikia gari likiingia, kisha nikasikia likizimwa. Sauti za wanaume, Hamisi akicheka zaidi ya kawaida. Wakapima pipa, likawa safi. Nikasikia mmoja akiuliza vyumba, na Hamisi akajibu, "Humo kuna mjane wa kaka yangu, yuko eda. Samahani, wazee, humo hamuingii."

"Sawa kabisa, hatuingii," mwanamume akasema. "Dada, ingia wewe umsalimie."

Hamisi hakuwaza kwamba serikali ingeweza kumtuma mwanamke. Na mimi sikuwaza.

Aliingia amejitanda vizuri, viatu amevivua mlangoni. Alikuwa na umri wa binti yangu, kama ningekuwa naye.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba," nilisema, na ilinichukua pumzi mbili kulimaliza neno.

Alitazama chumba. Alitazama mkeka na msala uliovimba kando ya kitanda. Akakunja pua kidogo, kisha akajizuia, kwa adabu.

"Mama, pale chini kuna nini?"

Kupitia pazia niliona miguu ya Hamisi. Alikuwa amesimama karibu kabisa.

"Asali," nikasema. "Ya Ipole. Ya hitima."

Yule binti hakusogea kufunua. Nadhani aliona vibaya kuunyanyua msala wa mfiwa. Alisema, "Haya mama, Mungu akupe subira," akageuka kwenda kuvaa viatu vyake.

Nikajua kwamba akitoka, pazia likirudi, sitatoka humo nikiwa hai. Watu wengine wameniuliza kama nilisema ukweli kwa sababu ya dhamiri, kwa sababu ya hewa ya mji, kwa sababu ya watoto wanaovuta moshi njiani wakienda shule. Ningependa iwe hivyo. Nilisema kwa sababu nilitaka madumu yatoke.

"Si asali," nikamwambia. "Njoo ufunue."

"Shemeji!" Hamisi aliita kutoka nje.

"Na oili hiyo nimekuwa naichuja mimi," nikasema. "Muda mrefu. Andika na mimi."

Yule binti hakuandika kitu. Alifungua dirisha kwanza, akalisukuma hadi likagonga ukuta. Kisha akaniinua kwa kwapa akanitoa uani, mbele ya wanaume, kichwa changu kikiwa nusu wazi. Jua lilinipiga usoni. Sikuwa nimeliona kwa zaidi ya miezi miwili.

Walinipeleka hospitali kwa gari lao. Nakumbuka dereva alizima injini alipokuwa akinisubiri nivae mtandio, na betri yake ilikuwa nzima. Hamisi alipanda gari jingine, la polisi walioitwa na wakaguzi. Tulipishana getini. Hakuniangalia.

Hospitalini walinibana kidole kwa kifaa kidogo, muuguzi akasoma namba akaita mwenzake bila kupiga kelele. Wakaniwekea mashine ya mvuke usoni. Baada ya muda nikasikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau, pumzi ikishuka hadi tumboni. Nililia. Muuguzi, Msukuma mmoja mnene mwenye mzaha, akaniambia, "Mama, usilie, utanijazia maji kwenye mashine yangu." Walipima makohozi, hayakuwa na kifua kikuu. Walipiga picha ya kifua. Daktari alisema njia za hewa zimevimba na zimejikaza, na sehemu moja haitarudi kama zamani. Aliniuliza napikia nini, nakaa wapi, nafanya kazi gani. Nilipomwambia, alitua kalamu.

"Ukirudi chumba kile," alisema, "dawa yangu haina kazi."

Dada Mwajuma alinichukua Isevya. Siku zilizobaki za eda nilizimalizia kwake, chumba chenye madirisha mawili. Alikuwa ananiletea uji wa ulezi na kukaa kunitazama ninywe hadi chini ya kikombe. Hakusema hata mara moja kwamba aliniambia. Kwa mdomo ule wa dada yangu, hiyo ni zawadi kubwa.

Siku ya kutoka eda ni desturi ndugu wa mume waje. Wanawake wa upande wao wanakuogesha, wanakuvalisha nguo mpya. Tulipika, tukasubiri. Hakuja mtu. Walisema nimemfunga Hamisi, nimemtia aibu marehemu, nimekula chakula cha mafuta yale miaka yote na sasa najifanya mtakatifu. Hilo la mwisho ni kweli. Dada yangu aliniogesha peke yake, kwa maji ya vuguvugu, akipumzika kila nilipochoka.

Kutoka hapo nimehesabu muda kwa kliniki. Ya kwanza vumbi la kiangazi, nilibebwa kwa bajaji. Ya pili mvua zilikuwa zimeanza, niliteremka mwenyewe. Tunakaa kwenye mabenchi ya saruji barazani, wenye pumu, wenye moyo, wenye sukari, kila mtu na kadi yake. Kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika: ukishindwa kukaa kwenye foleni unaenda kuegemea nguzo, na aliye nyuma yako anakushikia nafasi kwa kuweka kiatu chako pale. Nimewahi kukuta kiatu changu kimesogezwa hadi mlango wa daktari na watu nisiowajua majina. Mambo kama hayo ndiyo yaliyonivusha.

Nimerudi kusujudu, kwa rakaa mbili za mwanzo. Ngazi siziwezi. Barabara bado zina moshi. Uani kwa Rajabu kumefungwa, lakini kuna nyua nyingine, na malori ya tumbaku bado yanapita yakiacha wingu la buluu nyuma. Nikiliona najua kilichomo, najua hata oili ilichujwa vizuri au vibaya. Naziba pua kwa mtandio, nageuka ukutani, nangoja lipite.

Hamisi, aliyekuwa ameshaachiwa, nilimkuta kliniki ya mwezi uliopita.

Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mabega juu, mdomo wazi. Mabega yale nayafahamu. Alikuwa ametoka kwa daktari, mkononi ana kikopo kipya cha dawa ya kuvuta, anakigeuzageuza. Ningeweza kupita. Nilikaa, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Shemeji," nikasema.

"Usidhani nimekusamehe," alijibu. Alihitaji kupumzika katikati ya maneno hayo machache.

"Sijakuomba."

Hamisi akaweka dawa mdomoni, akabonyeza, dawa yote ikatokea puani na pembeni. Akajaribu tena, vilevile. Mwanamke wa mbele yetu akageuka kutazama, Hamisi akaficha kikopo chini ya shati kama kitu cha wizi.

"Wamenieleza haraka haraka," alisema, bila kuniangalia.

"Lete hapa."

Hakuleta. Nikasogea ile nafasi ya mtu mmoja, nikakichukua mkononi mwake, nikakitikisa.

"Kwanza toa pumzi yote iliyomo. Yote. Usiogope, itarudi."

"Na isiporudi?"

"Niko hapa."

Akatoa. Nikaona anavyohangaika mwishoni, macho yamemtoka, nami nikamtia kikopo mdomoni, nikambonyezea wakati ule ule alipoanza kuvuta. Iliingia. Nikamwekea kidole mdomoni ili asiseme neno, aishikilie ndani, na kwa mkono mwingine nikawa namhesabia vidole mbele ya macho yake, kimoja kimoja, vitano mara mbili, hadi kumi.